Mashine ya mionzi bila dawa ya homoni ni tiba nusu

MJADALA kuhusu saratani humu nchini huanza na kukomea kwenye mashine: ziko ngapi, ziko wapi na foleni ni ndefu kiasi gani. Si ajabu, kwani kwa miaka mingi Hospitali Kuu ya Kenyatta ndiyo pekee ya umma iliyotoa matibabu ya mionzi.

Hata hivyo, kwa wanaume wengi ambao saratani yao ya tezi-dume imekomaa, mashine ni nusu tu ya tiba.

Saratani hiyo hustawishwa na homoni za kiume, jambo lililodhihirishwa na Charles Huggins nchini Marekani mnamo 1941 na kumpa Tuzo ya Nobel 1966. Homoni hizo huingia kwenye vipokezi vya seli mithili ya ufunguo katika kufuli.

Mionzi nayo huua seli kwa kukata nyuzi za DNA. Tafiti zilizochapishwa 2013 zilionyesha kuwa vipokezi hivyo vikiamshwa huisaidia seli kuunga nyuzi zilizokatika. Yaani mashine inabomoa, homoni inajenga. Vipokezi vikizibwa, seli hushindwa kujikarabati.

Ushahidi upo. Mnamo 1997, Michel Bolla na wenzake barani Ulaya waliripoti kuwa asilimia 79 ya waliopewa mionzi pamoja na dawa ya kupunguza homoni walikuwa hai baada ya miaka mitano, dhidi ya asilimia 62 ya waliopewa mionzi pekee. Utafiti mwingine wa 2017 uliwahusu wanaume 760 ambao saratani iliwarudia baada ya upasuaji. Waliomeza bicalutamide, dawa inayoziba vipokezi, asilimia 76 walikuwa hai baada ya miaka 12, ikilinganishwa na asilimia 71 ya wenzao.

Dawa hizo zina gharama yake mwilini: matiti huota, ashiki hupungua. Wala si kila mgonjwa anazihitaji. Uamuzi ni wa daktari.

Lakini daktari hawezi kuamua kutoa kisichokuwepo. Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha bicalutamide miongoni mwa dawa muhimu tangu 2015. Bajeti inayonunua mashine sharti inunue na dawa. Vinginevyo, mzee aliyeuza ng'ombe kufuata mionzi Nairobi atarejea kijijini akiwa amelipia nusu ya tiba kwa mali yake yote.