Gari limerudi kwa wenyewe

Najua nimekuwa kimya, ni hizi shifti za usiku. Leo nataka kujibu swali ambalo shangazi ameniuliza mara tatu kwenye simu: lile gari lako jekundu liko wapi, umeliuza?

Shangazi, sikuliuza. Nisingeweza hata nikitaka, maana halikuwa langu. Ile picha niliyowatumia nimeegemea boneti, mkanipigia vigelegele, ilikuwa picha yangu na gari la kampuni ya mikopo! Huku Uingereza wengi tunaendesha hivyo. Unalikodi mwezi kwa mwezi, na ukishamaliza malipo ya mwisho ndipo linakuwa lako. Langu lilikuwa pauni 200 kwa mwezi kwa miezi 60, jumla 12,000 pamoja na riba. Nililipa miezi 27 bila kukosa. Kisha baba akalazwa, mnajua wenyewe, na mwezi huohuo shifti za ziada zikakatwa wodini kwetu. Mwezi wa 28 sikulipa. Wa 29 pia.

Barua zilipokuja nilizitia kwenye droo bila kuzifungua. Mimi! Ninayewafokea wagonjwa waliokaa na uvimbe miezi sita wakiogopa kuja hospitali. Nikitoka kazini alfajiri nilikuwa naegesha mtaa wa pili, nikidhani madalali watakuja kulibeba usiku kama wanavyozibeba tuktuk huko kwetu.

Dada mmoja tunayefanya naye kazi ndiye aliyenipa namba ya National Debtline, washauri wa madeni walioanza papa hapa Birmingham mwaka 1987. Ushauri wao ni bure, kwa simu. Kumbe kuna sheria ya mikopo ya mwaka 1974, na inasema ukishalipa theluthi ya bei yote, mkopeshaji hawezi kulichukua gari bila amri ya mahakama, isipokuwa wewe mwenyewe ukubali. Akilinyakua tu, mkataba unakufa na anakurudishia kila peni uliyolipa. Theluthi nilikuwa nimeipita zamani! Tena ni lazima kwanza akuandikie notisi na kukupa siku 14 angalau. Notisi yenyewe ilikuwa mle mle kwenye droo, imebakisha siku nne.

Halafu kuna haki ya nusu. Mteja anaweza kuuvunja mkataba mwenyewe kwa maandishi, akarudisha gari likiwa zima, na deni lake likakomea kwenye nusu ya bei. Nusu yangu ni 6,000, nimelipa 5,400. Kwa hiyo nilibaki na 600, ile miezi miwili ikiwa ndani. Lakini ilibidi niwahi, kwani wao wakiuvunja kwanza haki hiyo inaweza kupotea. Na kijana wa kampuni kwenye simu, kwa upole kabisa, alikuwa akinihimiza nitie sahihi karatasi nyingine, ya kusalimisha gari kwa hiari. Kwa Kiingereza majina ya hizo karatasi mbili yanakaribiana mno, na mtu aliyekesha wodini angesaini tu. Kwa karatasi ile wangelinadi gari, na mimi ningedaiwa 6,600 zote zilizobaki, kasoro bei ya mnada. Nikakataa, nikaandika barua yangu. Sasa nalipa 50 kwa mwezi na napanda basi. (Mama, usilie, basi lina hita.)

Msidhani Wazungu walitunga haya kwa wema wao. Zamani huku wauzaji wa fanicha walikuwa wakimwacha maskini alipe mpaka akaribie kumaliza, akikosa wiki chache wanakuja kubeba kabati. Mbunge Ellen Wilkinson wa Jarrow ndiye aliyepeleka mswada bungeni, ukawa sheria mwaka 1938. Watu walipiga kelele kwanza.

Sisi hatupigi kelele, tunaona haya. Ndiyo maana nakuandikia wewe, mdogo wangu wa tuktuk, mbele ya ukoo mzima, unisamehe. Unampa tajiri pesa kila jioni, na umeniambia ukikosa siku tatu anaichukua, hata ukiwa umebakisha mwezi mmoja. Huo si mkataba, huo ni mtego! Kenya nasi tuna sheria ya ununuzi wa kukodi: ukishalipa theluthi mbili, mwenye mali aende mahakamani kwanza. Ila inalinda mikataba ya aina hiyo tu. Ikiandikwa kama mkopo wa dhamana, hiyo haikuhusu. Na karatasi yako iliyoandikwa kwa biki kwenye daftari la shule, mimi siielewi ni mkataba wa nini.

Usikose siku hata moja kabla hatujaisoma. Ipige picha kurasa zote, na ule ukurasa wa nyuma wenye sahihi za mashahidi, unitumie kabla ya Ijumaa. Ijumaa siendi kazini.