Adabu za Kula: Mkahawani Masasi na Newala

Kijana wa Kiislamu apelekwapo Masasi au Newala kwa kazi ya ualimu au ya hospitali, au aendapo kwa biashara ya korosho, jambo la kwanza limshughulishalo si nyumba wala kitanda, ni chakula. Hana mke wala mama wa kumpikia, na jua limekwisha kuchwa. Basi huketi mkahawani. Nasi tumewaona vijana wa namna mbili katika hali hiyo. Wa kwanza huagiza chipsi na mayai siku saba za juma, na akiulizwa husema kwamba chakula cha huku hakijui wala hataki kukijua, kwa kuwa watu hawa, asema, hula panya. Wa pili hula kila aletewacho wala haulizi neno, kwa kuona haya. Kwa maoni yetu wote wawili hawakuitendea haki meza waliyoketia.

Yafaa kwanza nchi yenyewe ijulikane. Masasi iko chini, upande wa magharibi, penye majabali makubwa yaliyosimama peke yake. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, na mtu akisimama pale paitwapo Shimo la Mungu hulitazama bonde la Ruvuma chini yake. Wamakonde, Wamakua na Wayao wamekaa pamoja katika nchi hiyo, Waislamu na Wakristo, na misheni ya Masasi ipo tangu mwaka 1876. Mvua inyeshapo juu ya uwanda, maji huzama mchangani. Zamani wanawake walishuka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani, hata ukaja mradi wa kusukuma maji kwa mitambo katika miaka ya 1950. Na hata hivyo maji hayajawa kitu cha kuchezea. Kwa hiyo uletewapo birika na beseni unawe mikono, usiyamwage kana kwamba umeketi kando ya bahari. Mtume (s.a.w.) alitawadha kwa maji kidogo, na hayo yalikuwa mafunzo kwa watu wa nchi kavu kama hii.

Ama chakula chenyewe, ni chakula cha ardhi ya mchanga: muhogo, mbaazi, kunde, karanga, mtama, na korosho. Ukimwambia mwenye mkahawa, "Mama, leo nipe chakula cha hapa," ataleta ugali wa muhogo, mweupe na wa kuvutika, na bakuli la mbaazi au la kisamvu. Kisamvu hicho kimetwangwa kinuni, kikachemshwa sana, kisha kikaungwa kwa karanga au korosho zilizopondwa. Na mtu wa pwani aliyezoea kila kitu kwa nazi hushangaa kuona jinsi korosho inavyoweza kulainisha mchuzi. Usikate kwa kijiko. Finyanga tonge kwa mkono wa kulia, useme Bismillahi, na kama mnakula sinia moja, ule palipo mbele yako, kama Mtume alivyomfundisha mtoto Umar bin Abi Salama.

Wako waudharauo ugali huo wakisema ni chakula cha maskini. Hao hawajui kazi iliyomo. Muhogo mchungu una sumu, na huwa chakula kwa sababu tu wanawake wameurithi ujuzi wa kuutengeneza: huumenya, wakauanika siku nyingi mpaka ukawa makopa makavu, ndipo wakautwanga. Mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipoingia njaa wilayani Masasi, watu wengi hawakuweza kungoja. Waliutwanga muhogo mbichi na kuuanika kwa haraka ili wale siku ile ile, njia waliyoiita chinyanya, na wengi wakaugua kwa sumu. Basi yule mama anayekuletea sahani kwa fedha kidogo ameishika amana ya afya yako tangu shambani. Kijana anayesukuma sahani hiyo kando kwa kukunja pua amemtukana mtu asiyestahili.

Twaja sasa kwa neno lililowatia vijana wetu hofu. Ni kweli kwamba wako watu wa kusini wanaokula panya wa shambani, na kwa mzaha mwema wa lugha humwita "samaki nchanga", yaani samaki wa mchangani. Mgeni asiyejua aweza kuagiza samaki akidhani ni wa Mtwara. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, panya ni haramu. Naye ametajwa katika hadithi sahihi miongoni mwa wanyama watano walioruhusiwa kuuawa hata katika eneo takatifu la Makka. Kuitwa samaki hakukumfanya samaki. Na kama wahofu kwamba sufuria ilimpika huyo kabla ya mbaazi zako, sheria haikukuacha bila njia: sahaba Abu Tha'laba alipouliza juu ya vyombo vya watu wa Kitabu, Mtume alimwambia atafute vingine, na asipovipata avioshe kisha ale humo.

Lakini kukataa nako kuna adabu yake. Mtume aliletewa nyama ya kenge wa jangwani iliyochomwa, akaondoa mkono wake. Alipoulizwa kama ni haramu alijibu kuwa sivyo, ila mnyama huyo hakuwako katika nchi ya watu wake, na nafsi yake haikumpenda. Na Khalid bin Walid akamla mbele yake. Tena imepokewa kwamba hakupata kukitia ila chakula kamwe: akikipenda alikula, asipokipenda alikiacha. Ikiwa hivyo ndivyo alivyofanya kwa kilicho halali, nasi kwa kilicho haramu twaweza kusema, "Ahsante mama, hiki mimi sili, nipe mbaazi," bila kutema mate, bila kucheka, wala kwenda kusimulia mjini kuwa watu wa Newala ni hivi na vile.

Na kuuliza si ukorofi. Katika nchi ya Ufilipino iko mikahawa midogo ya barabarani iitwayo karinderya, ambako sufuria hupangwa mbele ya wateja, nao hufunua vifuniko, wakatazama, ndipo wakaonyesha kwa kidole wakitakacho. Waislamu wa huko, wa Mindanao, wakisafiri katika majimbo mengine hawana budi kuuliza, maana nguruwe yumo katika vyungu vingi. Na huko nako wako wakulima wa mpunga wanaokula panya wa mashambani. Kwa hiyo funua, uliza. Uliza pia kuku kachinjwa na nani, lakini uliza kwa upole, na peke yenu, si kwa sauti ya kuwahukumu waliokaa meza ya pili. Mwaka 2013, huko Buseresere mkoani Geita, ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu ya mtu. Mahali ambapo jirani zako Wakristo wamewaachia Waislamu kisu kwa desturi tu ya ujirani, jambo hilo ni la kutunzwa kwa ulimi mwema.

Jambo jingine ni mabibo. Msimu wa korosho uanzapo, na fedha za mnada ziingiapo mifukoni, hutolewa mkahawani maji ya mabibo, matamu na yenye kukwaruza koo kidogo. Yakikamuliwa leo na kunywewa leo hayana neno. Yakilala huchachuka, na yakiisha kuchachuka huwa uraka, nao hulevya. Mtume alikuwa akiroweshewa zabibu, akanywa mpaka siku ya tatu, kisha hakunywa tena. Katika joto letu usingoje siku tatu: uliza yamekamuliwa lini, na ukiona povu, acha. Baba aliyepokea malipo ya korosho na kumaliza jioni hizo mkahawani kwa uraka, huku watoto wake wakingoja sare za shule, huyo hahitaji fatwa yetu.

Na usiondoke bila ming'oko. Ni mizizi myembamba ya porini, jamii ya viazi vikuu, huchimbwa kwa taabu na kuchemshwa na chumvi, ikauzwa kwa mafungu kando ya barabara na penye stendi za mabasi. Nunua mafungu mawili, la safarini na la nyumbani. Menya ganda kwa vidole, na mpe jirani yako wa kiti kabla hujaanza kula.