Kufunga Tumbo Si Kuponya

Wanafunzi wenzangu, na ninyi wazazi mtakaosoma gazeti hili nyumbani, naomba nafasi kidogo niseme juu ya jambo ambalo watu wengi huona haya kulitaja, nalo ni kuhara. Masika yanapofika, vyoo hujaa maji, visima huchafuka, na ugonjwa huu huingia katika nyumba nyingi za Magole na Dumila. Wakubwa wetu hawajasahau Januari 2014, mto Mkundi ulipofurika, barabara ya Morogoro na Dodoma ikakatika, na watu wa hapa wakalala katika mahema. Siku kama hizo maji safi huwa haba, na tumbo huharibika upesi.

Mtu akianza kuhara, desturi yetu ni moja. Twakimbilia duka la dawa na kusema, "Nipe dawa ya kufunga tumbo." Tukipewa vidonge vya loperamide, na pengine Flagyl juu yake, twarudi tumeridhika. Maoni yangu ni kwamba desturi hii ni mbaya, na mimi mwenyewe ni shahidi wake.

Mdogo wangu alipokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, alihara tangu alfajiri. Mimi ndiye niliyetumwa dukani. Muuzaji hakuniuliza mgonjwa ana umri gani, wala mimi sikumwambia. Nyumbani tukakata kidonge nusu, tukakisaga, tukamnywesha. Mtoto akaacha kuhara, nasi tukafurahi. Lakini jioni tumbo lake lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma, macho yamezama, analia bila machozi. Mama akambeba mgongoni, akapanda pikipiki usiku ule ule kwenda kutafuta matibabu. Alitundikiwa maji siku mbili, na namshukuru Mungu kwamba alipona.

Muuguzi alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Alisema kuwa dawa ile haiui vijidudu. Kazi yake ni kuupunguzia utumbo mwendo, ili choo kisitoke upesi. Basi maji ya mwili wa mtoto yaliendelea kumwagika ndani ya utumbo, ila hayakuonekana nje. Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tulikuwa tumeyaficha maradhi, tukadhani tumeyaponya.

Wala si sisi peke yetu tuliokosea. Huko Pakistan dawa hiyo iliwahi kuuzwa kwa matone kwa ajili ya watoto. Watoto wachanga wakafa kwa sababu matumbo yao yalisimama kabisa, na mwaka 1990 matone hayo yakaondolewa.

Na Flagyl je? Hiyo huua amiba na vijidudu vingine vichache. Watoto wengi wanaohara choo cha maji wameambukizwa virusi, na Flagyl haiwezi kuua virusi. Kuimeza kwa kubahatisha ni kupoteza fedha, na ni kuvizoeza vijidudu dawa ambayo kesho tutaihitaji. Yafaa itumike kwa agizo la mganga, tena imezwe mpaka dozi iishe.

Kinachomwua mtu anayehara ni kupungukiwa maji na chumvi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, nchini India. Maji ya kutundika yalipokwisha, Dakta Dilip Mahalanabis aliwapa wagonjwa maji ya sukari na chumvi ya kunywa. Vifo vilikuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Vikashuka chini ya 4. Siri yake ni kwamba sukari huisaidia chumvi kupenya katika ukuta wa utumbo, na chumvi huvuta maji pamoja nayo.

Dawa hiyo ndiyo ORS tunayoiona dukani katika pakiti. Ichanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa juu ya pakiti, na yatakayobaki baada ya saa 24 yamwage. Ukikosa pakiti, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu. Usizidishe chumvi. Mtoto na aendelee kunyonya na kula, tena apewe vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, kama mganga atakavyopima.

Najua wako watakaoniuliza, "Je, mtu mzima mwenye safari ya basi kwenda Dodoma afanyeje?" Huyo simkatazi. Mtu mzima asiye na homa, wala damu katika choo, aweza kumeza loperamide: vidonge 2 vya miligramu 2 kwanza, kisha 1 kila aharapo, wala asizidishe 4 kwa siku moja. Akizidisha sana, moyo waweza kwenda kombo. Siku mbili zikipita bila nafuu, aache, aende kwa daktari. Lakini mwenye damu au homa asiiguse, na mtoto mdogo asipewe kamwe. Na choo kikitoka kama maji ya mchele, huenda ni kipindupindu. Mpeni ORS njiani huku mkimkimbiza hospitali.

Kwa hiyo napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila bweni letu liwe na pakiti za ORS, na kila mwanafunzi ajue kuzichanganya. Pili, tukitumwa dukani, tuseme umri wa mgonjwa kabla ya kutaja dawa, hata kama muuzaji hakuuliza. Maneno hayo machache yangalimwokoa mdogo wangu na usiku ule.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu