Muvi Kali au Taa Kali? Acheni Kutudanganya Jamani

Leo najua kuna watu watanuna, mnisamehe mapema. Kuna hawa mabingwa wa muvi, siwataji, wenyewe mnajijua. Kila siku wanaposti picha za Only God Forgives, eti hii ndo sanaa, kama hujaielewa rudi kwenye vichekesho vyako. Mimi nimeiangalia mara mbili. Nimeielewa, ndo maana nina hasira.

Ni muvi ya 2013, ya Nicolas Winding Refn, yule wa Drive, na staa ni Ryan Gosling yuleyule. Stori iko Bangkok. Sikatai, picha ni nzuri balaa: korido nyekundu, taa za bluu, muziki wa Cliff Martinez unakuingia mpaka kwenye mifupa. Lakini zima taa hizo, kinabaki nini? Gosling anatembea taratibu, anaangalia mikono yake, haongei. Mtu kukaa kimya sio lazima awe na mawazo mazito, saa nyingine hana tu la kusema.

Ila hasira yangu haiko hapo. Hivi kisasi chote kinaanzia wapi? Kaka yake Julian kamuua binti wa miaka 16 anayejiuza. Huyo binti tunamuona akiwa maiti tu, basi. Baada ya hapo ni mama anatua kudai damu ya mwanawe, ni polisi na upanga wake. Julian anamwambia mama yake kaka alichofanya, mama anajibu lazima alikuwa na sababu zake. Stori inasonga.

Mtasema ndo ujumbe wenyewe, dunia haina huruma. Sawa. Mbona muda wa mateso upo? Jamaa anatobolewa mikono kwenye kiti taratibu kabisa, wanawake wanaambiwa wafumbe macho. Polisi anapanda kuimba karaoke, wenzake wametulia wanamsikiliza. Muda wa karaoke upo, ila muda wa kumuona binti akiwa hai, hata akinywa chai tu, haupo. Hapo director kachagua mwenyewe.

Na msiniletee habari za tuzo. Cannes waliizomea, mwaka huohuo Sydney wakaipa tuzo yao kubwa. Kila mtu atumie macho yake.

Kwa nini naumia na muvi ya Bangkok? Kwa sababu huku kwetu binti akiuawa gesti, swali la kwanza ni "alifuata nini kule?" Wiki mbili tunamjadili muuaji, marehemu hata jina hatulikumbuki. Muvi ikifanya hivyohivyo na taa nyekundu juu, mnaita sanaa.

Damu ikipigwa picha vizuri bado ni damu ya mtu. Haya, uwanja wenu, tukaneni lakini mjibu hoja.