Mganga Hajigangi: Nasaha kwa Wapiganao Bega kwa Bega na Tabibu

Methali isemayo mganga hajigangi nimeisikia tangu nikiwa mdogo, nikaisema mara elfu bila kuitia akilini, nikidhani ni mzaha wa kumcheka mganga aliyeugua ilhali mkoba wa dawa umo ubavuni mwake. Aliyenifunulia maana yake hakuwa mzee wala mwanachuoni. Ulikuwa ni mchezo wa kompyuta, tena wa kupigana risasi, ambao marehemu babu lau angenikuta nao usiku wa manane angeguna, akatikisa kichwa, akaniuliza kama kazi zimekwisha duniani. Hata hivyo namwomba msomaji anivumilie, kwani hekima haichagui mlango wa kuingilia, na aghalabu tabia ya mtu hudhihirika mchezoni, mahali asipotarajia kupimwa, kuliko barazani alikokwisha kujitengeneza uso.

Mchezo huo unaitwa Team Fortress 2, nao ulitolewa na kampuni ya Valve ya Marekani tarehe 10 Oktoba 2007, ukiwa mrithi wa mchezo uliotungwa mwaka 1996 na vijana wa Australia juu ya msingi wa mchezo mwingine uitwao Quake. Na tangu mwezi Juni 2011, ulipofanywa kuwa bure, wameingia humo watu wa kila namna, wenye adabu na wasio nayo. Majeshi ni mawili, jekundu na la buluu, na wapiganaji ni wa aina tisa, kila mmoja na silaha zake na udhaifu wake: yuko Heavy, pandikizi la mtu mwenye bunduki kubwa na mwendo wa kobe, yuko Soldier mrusha makombora, yuko Demoman, chongo mwenye mabomu, yuko Scout, mwepesi kama paa, yuko Pyro amwagaye moto, yuko Spy, jasusi ajigeuzaye sura, na wengineo. Miongoni mwa hao tisa yuko mmoja ambaye kazi yake hasa ni kuponya wenziwe, naye ni Medic, ambaye katika makala haya nitamwita kwa jina letu, tabibu.

Tabibu huyu amepewa chombo kinachotoa mwanga wa tiba, ambao akimwelekezea mwenziwe humrudishia nukta 24 za uhai kila sekunde, na akiendelea kummiminia baada ya majeraha kwisha humzidishia hadi nusu juu ya uhai wake wa asili, hata Heavy mwenye nukta 300 akawa anatembea na 450. Kila anapotibu, chombo hicho hujiwekea akiba kidogo kidogo, na akiba ikitimia asilimia 100, jambo ambalo kwa kasi ya juu kabisa huchukua sekunde 40, huwa amemiliki ile iitwayo ÜberCharge, nami nitaiita chaji kuu, ambayo akiifungua, yeye na mgonjwa wake hawaingiwi na risasi wala moto kwa muda wa sekunde 8. Lakini tazama jinsi watunzi wa mchezo walivyoweka mizani: maadam tabibu ameshika chombo cha tiba, hana silaha mkononi, mwanga wenyewe haugeuki kumwelekea yeye, uhai wake ni nukta 150 tu, majeraha yake hujiponea polepole, nukta 3 hadi 6 kwa sekunde, na akifa, akiba aliyoikusanya kwa kawaida hufa pamoja naye. Hapo methali imesimama kwa miguu yake miwili.

Kutokana na hayo nasema, na hili ndilo shina la maneno yangu yote, kwamba tiba katika mchezo huu ni mapatano ya watu wawili, mmoja akitoa uhai na mwenziwe akitoa ulinzi, na kila apokeaye uhai asirudishe ulinzi amekula deni, na deni hilo hulipwa na jeshi zima.

Sisemi hivi kwa kuwa mimi ni mwema. Usiku mmoja tulikuwa washambuliaji katika uwanja wa Dustbowl, ule wenye vumbi na magenge ya mawe, tumebakiwa na kituo cha mwisho, nami nilikuwa Heavy, na nyuma yangu tabibu nisiyemjua jina wala nchi, aliyekuwa akinitangazia kwa maiki kiasi cha akiba yake: tisini, tisini na tano, tisini na saba. Bunduki yangu ilikuwa ikivuma, maadui wawili wakirudi nyuma mbele yangu, na utamu wa kuwaona wakikimbia ukanitia uziwi. Nikasikia moto ukifoka mgongoni, na sauti ikisema nyuma, nyuma. Nikasema moyoni, nimalize hawa kwanza. Sikumaliza. Mwanga ulikatika ghafla kama taa umeme ukikatika, nikageuka kwa uzito wangu wote, nikamkuta Pyro amesimama pale pale alipokuwa tabibu, na kabla sijamlenga nami nikawa maiti. Na tazama uovu wa nafsi ya binadamu: nilipokuwa nikingoja kufufuka, neno la kwanza nililowaandikia wenzangu lilikuwa, tabibu yuko wapi? Hakunijibu mtu. Yule mgeni alikwisha badili kazi, amekuwa mdunguaji, amejitenga mbali nasi sote, na jeshi letu likabaki bila tabibu mpaka muda ukatuishia mlangoni pa ushindi.

Basi nasaha ya kwanza, ewe mchezaji, ni kugawa macho yako, sehemu kwa adui aliye mbele na sehemu kwa rafiki aliye nyuma. Usitaraji kwamba nukta 450 zitakuokoa, kwani Spy akikufikia mgongoni, kisu chake huua kwa pigo moja, uwe na uhai mchache au tele. Na hila yake kubwa ni kuvaa sura ya mmoja wenu, hata tabibu mwenyewe huweza kuhadaika akamtibu adui kwa mkono wake. Iko alama moja ambayo wakongwe wa mchezo huu hawaisahau: mwenzako wa kweli hupishana naye kama kivuli, miili yenu ikapenyana, lakini adui aliyevaa sura ya mwenzako hukugonga. Ukigongwa na rafiki, mpige.

Nasaha ya pili ni kujua wakati wa kurudi nyuma, maana wengi hudhani ushujaa ni kusimama katikati ya makombora na kumpigia tabibu ukelele, ilhali hesabu ya mchezo yasema kinyume. Mtu asiyeumizwa kwa muda wa sekunde 10 huanza kutibiwa kwa kasi zaidi, na zikitimia 15, mwanga ule ule uliokuwa ukimpa nukta 24 kwa sekunde humpa 72; hivyo anayejificha nyuma ya ukuta kwa kitambo kidogo hupona mara tatu upesi kuliko shujaa anayetobolewa huku akizibwa, na tabibu wake naye huwa amekingwa na ukuta huo huo. Anayemvuta tabibu uwanjani ili amtibu hapo alipoangukia hujenga makaburi mawili badala ya moja.

Ya tatu ni jambo dogo, nami nimeona urafiki ukivunjika kwa ajili yake. Njiani hutapakaa visanduku vya dawa, vidogo vyenye kurudisha kama sehemu moja ya tano ya uhai, na vya kadiri vyenye kurudisha nusu. Ukiwa umejeruhiwa na tabibu naye amejeruhiwa, kisanduku kikawa mbele yenu, mwachie yeye, kwa kuwa wewe unaye wa kukutibu na yeye hana. Na akishapona atakurudishia kilicho chako na zaidi. Nimemwona Soldier aliyekuwa akipokea mwanga wa tiba muda wote huo akakimbilia kisanduku, akakimeza mbele ya macho ya tabibu aliyebakiwa na nukta chache, na makombora mawili baadaye wote wawili wakawa chini. Huo ulikuwa ulafi wa mtu anayekula huku chakula chake kingine kikipakuliwa.

Ya nne, usimhodhi tabibu. Wako wachezaji, hasa wale waliozoea kusifiwa, ambao mwanga ukiwaacha sekunde mbili tu hubonyeza kitufe cha kuita bila kupumua, ingawa wamekwisha kujaa uhai hata wakafurika. Mtu huyo hajui kwamba anajidhulumu, kwani akiba ya chaji kuu hujaa kwa kasi tabibu anapomtibu aliyeumia, na hupungua kasi hadi nusu anapomtibu aliyekwisha kufurika. Kwa hiyo tabibu anayezunguka, akamgusa Demoman, akamgusa Scout, kisha akakurudia, anakuwekea wewe hazina upesi zaidi kuliko angekuganda kama kupe. Mwache azunguke, nawe mfuate kwa macho.

Ya tano inahusu saa yenyewe ya chaji kuu, ambapo sekunde 8 huonekana nyingi kwa asiyejua kuzitumia. Tabibu akifungua, tangulia wewe. Kazi yako ni kuvunja kile ambacho risasi za kawaida zimeshindwa kukivunja, na mara nyingi hicho ni bunduki za mitambo ambazo Engineer wa adui amezipanga zikajipigia zenyewe. Usikimbilie kituo ukadhani utakiteka, kwani asiyeingiwa na risasi hawezi kuteka. Wala usichupe mbali kwa kombora lako ukamwacha mwenzako, kwa kuwa mwanga hukatika mkiachana mno, na Pyro wa adui anangoja tu nafasi ya kuwatenganisha kwa mpulizo wa upepo. Muhimu kuliko yote, kumbuka kwamba sekunde ya tisa ipo. Sekunde hiyo humkuta tabibu katikati ya maadui, hazina imekwisha na mkono mtupu. Mwenye murua hubakisha risasi kwa ajili ya kumtoa hapo.

Najua watakaonijibu kwamba mimi ndiye niuaye maadui, tabibu kazi yake ni kunifuata tu. Nawauliza, mbona mchezo wenyewe, kila unapoua huku unatibiwa, humwandikia tabibu fungu lake la msaada? Mwenye kuweka hesabu amekwisha kukubali kwamba mkono uliopiga ulikuwa wa watu wawili. Na katika mashindano ya sita kwa sita, ambako kila timu huwa na tabibu mmoja, manahodha wakipata habari kwamba tabibu wa upande wa pili ameanguka, huamrisha mashambulizi papo hapo, kwani wanajua ukuta umebomoka. Adui anaijua thamani ya tabibu wako; itakuwa aibu gani iwapo wewe unayekula mkononi mwake ndiye usiyeijua?

Kwa insafu lazima niseme kwamba matabibu nao wana makosa yao. Yuko ambaye humtibu swahibu yake peke yake, wengine wakafa mbele yake; yuko achukuaye bunduki ya sindano akajifanya jemadari; na yuko bahili wa chaji kuu, anayengoja saa nzuri kupita zote mpaka akafa na asilimia 100 mkononi, mfano wa tajiri aliyezikwa na fedha zake. Hao nao wastahili mawaidha, lakini uzoefu wangu ni kwamba tabibu bahili aghalabu alikuwa karimu hapo kwanza, kisha akapewa wagonjwa wasio na shukrani.

Nitawapa mfano wa kinyume chake. Siku nyingine zamu ya utabibu ilikuwa yangu, na mgonjwa wangu alikuwa Demoman ambaye tangu mwanzo hadi mwisho hakusema neno. Kila tuliposimama, aligeuka, akatandika mabomu yake ya kunata sakafuni nyuma yangu, hatua chache kutoka miguuni mwangu, kisha ndipo akarudi kutazama mbele. Mara mbili nilisikia mlipuko mgongoni, na mara mbili nilipogeuka niliona mabaki ya mtu aliyekuwa amenijia kwa siri. Mtu huyo hakuniomba tiba hata mara moja, nami sikumwacha hata mara moja, na chaji kuu zote nilizozikusanya siku hiyo zilikuwa zake bila ya yeye kuzitaka. Wala sijui alitoka nchi gani.

Namaliza kwa kitufe. Katika kompyuta, herufi ya E ndiyo ya kumwita tabibu, na kila mpiganaji anayo, akiibonyeza hupaza sauti na alama yake ikaonekana. Tabibu naye amepewa herufi hiyo hiyo, naye akiibonyeza hulia vile vile akiita tabibu, na katika majeshi mengi hakuna tabibu mwingine wa kumwitikia. Ukiisikia sauti hiyo nyuma yako, ewe uliyeneemeka kwa nukta 450, usiseme ngoja nimalize hawa kwanza. Geuka, kwani anayeitwa ni wewe.