Kabla hujatuma krosi, muulize mteja kama gari lilinyanyuliwa

Wauza spea wenzangu wa mtandaoni, hili najua wengine hamtalipenda, ila naliandika. Mteja akikutumia ujumbe, "Dada, nataka krosi za propela za Hilux, ni mara ya tatu ndani ya miezi miwili," usikimbilie kutaja bei. Krosi nzima haifi mara tatu kwa miezi miwili bila sababu, na mara nyingi sababu haipo kwenye krosi.

Mimi nauzia hapa Matwebe, Rungwe. Pikapu za huku hazipumziki: ndizi, viazi, parachichi, na mvua yetu mnaijua. Ukiacha lami ni matope na vilima. Kwa hiyo mwenye gari anainyanyua nyuma. Mmoja anaongeza jani la springi, mwingine anaweka bloku kati ya springi na ekseli, mwingine anafunga shakeli ndefu. Gari inapanda juu, mzigo unabebeka, watu wanafurahi. Baada ya wiki inaanza kutetemeka ikifika mwendo wa kati, na ikiondoka kwenye kilima na mzigo inapiga "ko!" huko chini.

Tatizo ni pembe ya pinioni. Pinioni ni ile gia ndogo ya difu inayopokea mzunguko kutoka kwenye propela. Kwenye propela ya kipande kimoja yenye krosi mbili, mstari wa giaboksi na mstari wa pinioni vinatakiwa viwe sambamba, ili krosi ya mbele na ya nyuma zipinde kwa kiasi kilekile na moja ifute mtikisiko wa mwenzake. Kila krosi ikipinda nyuzi 1 hadi 3 inaishi vizuri. Shakeli ndefu inainua pua ya difu, usambamba unapotea. Bloku iliyonyooka haiharibu usambamba, lakini propela inakaa mteremko mkali zaidi na krosi zote mbili zinapinda kuliko kawaida. Hapo hata ufunge krosi ya bei gani, inatafunwa.

Halafu kuna jambo la pili. Ukikanyaga mafuta, difu linataka kujizungusha, pua inapanda. Springi ndizo zinazolizuia, na bloku ndefu inazipa kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana gari yenye springi za majani inapangwa ikiwa imesimama pua iwe chini kidogo ya usambamba, nyuzi 1 au 2, ili ikivuta ijisawazishe yenyewe. Wamarekani kwenye Chevrolet Camaro za kuanzia 1982 hadi 2002 walifunga mkono mrefu wa chuma kutoka kwenye difu kwenda mbele, kazi yake kulizuia difu lisijipinde. Mikono ya namna hiyo sasa inauzwa kama spea ya kuongeza, mingine ina sehemu ya kurekebisha pembe. Na mafundi wetu wanaichomelea wenyewe. Sina shida na kuchomelea. Shida yangu ni bomba lililochomelewa kavu huku na huku. Difu linapanda na kushuka kila shimo, na mkono wa Camaro mbele umeshikwa na mpira unaouruhusu kuteleza. Ukiufunga kavu, kitu kitapasuka, na kwa kawaida ni pale palipochomelewa.

Sasa nini umuuzie huyo mteja? Mwambie kwanza apime. Simu nyingi zinaweza kupima mteremko, na programu za bure zipo. Gari ikae kwenye sakafu iliyo sawa, ikanyage matairi yake, na mzigo wake wa kawaida ukiwemo. Isinyanyuliwe kwa jeki kwenye chesi, maana difu likining'inia namba zote ni za uongo. Apime sehemu bapa ya giaboksi, apime bomba la propela, apime uso wa difu pale propela inapofungwa, akikumbuka kwamba uso huo umesimama wima kwa hiyo unasomwa dhidi ya nyuzi 90. Akutumie picha tatu. Ukiona namba, utajua kama anahitaji kabari.

Kabari ni kipande cha chuma chenye upande mnene na upande mwembamba, kinakaa kati ya springi na kiti chake kwenye ekseli. Zipo za nyuzi 2, 4, hata 6. Uza za chuma, za aluminiamu zinapondeka chini ya mzigo. Mwandikie mteja kwa herufi kubwa upande mnene uelekee wapi kwenye gari yake, kwa sababu kabari ya nyuzi 2 ikigeuzwa inakuacha nyuzi 4 mbali na ulikotaka. Kwenye oda hiyohiyo weka na yuboliti mpya. Za zamani zimeshavutika, na hizo mpya zikazwe tena baada ya gari kutembea kidogo.

Wenzangu wananiambia, "Wewe ni muuzaji, mambo ya pembe mwachie fundi." Siafiki. Krosi ya mbele ikikatika gari ikiwa kwenye mwendo, propela inaangukia barabarani na inaweza kuchimba lami. Juu ya ndizi huwa wamekaa watu, tusidanganyane. Na hata tukiongea biashara tu: mteja wa krosi ya tatu haendi kumlaumu fundi, anaandika chini ya tangazo lako kwamba unauza feki. Kabari mbili na yuboliti nne zinakupa faida inayokaribia ya krosi, na hazirudi.

Zile zenye propela ya vipande viwili na senta beringi, kama Canter na Hiace, zina hesabu yake. Mteja wa hizo muulize kwanza beringi ya kati ina hali gani, halafu umpeleke kwa fundi mwenye uzoefu nazo, usimpimie kwa picha.