Mapenzi ya Timu na Amani ya Nyumba

Mjini Lubumbashi mtoto hupokea mambo mawili kabla hajajua kusoma: jina la ubatizo na timu ya baba yake. Yote mawili hakuyachagua. Akiisha kukua aweza kubadili kazi, nyumba, hata mji. Lakini mkute akiwa mzee wa miaka sabini, Likasi au Kolwezi, umwulize timu yake ni ipi. Atakujibu neno lile lile alilolijibu alipokuwa na miaka saba. Wengine watasema Lupopo. Wengi watasema Mazembe.

Basi mama mmoja, mzazi wa watoto watano, ametuletea swali. Mume wake ni Mkristu mwema na mfanya kazi hodari. Pombe hanywi kupita kiasi. Lakini Mazembe ikishindwa, nyumba nzima hushindwa pamoja nayo. Baba hagusi chakula, hasemi na mtu, na watoto hunyata kama kwamba mna maiti ndani. Mama huyo auliza: Je, kuipenda timu namna hii ni dhambi? Amwombe mume wake aiache?

Hatutamwambia aiache. Kwanza, hatafaulu. Pili, kitu kinachopendwa na mtu maisha yake yote chastahili kutazamwa vizuri kabla ya kuhukumiwa. Tutazame.

Wengi wanaovaa rangi nyeusi na nyeupe hawajui kwamba timu yao ilizaliwa katika ua wa misioni. Mwaka wa 1939 Wamisionari Wabenedikto walikuwa wakiongoza shule ya Mtakatifu Bonifasi katika mji huu, ulioitwa wakati ule Élisabethville. Wakaunda timu ya mpira kwa ajili ya vijana wao, wakaipa jina la Mtakatifu Georges, msimamizi wa maskauti. Kila mwalimu ajua faida ya mpira kwa kijana: wampa kazi ya miguu saa ambayo kichwa kimechoka, tena wamfundisha kutii filimbi. Baadaye timu ikaitwa Mtakatifu Paulo, kisha Englebert, jina la kampuni iliyotengeneza matairi. Ndivyo ilivyotoka kwa watakatifu ikafika kwa magurudumu.

Mwaka wa 1966 ilitwaa ubingwa bila kushindwa hata mara moja. Hapo yakaongezwa mbele ya jina lake maneno mawili ya Kifaransa, Tout Puissant, maana yake Mwenye Nguvu Zote. Sisi tuliofundisha katekisimu twatabasamu kidogo tunapoyasikia, kwa sababu tunajua ni Nani peke yake astahiliye jina hilo. Kweli, mwenye nguvu zote wa uwanjani amefungwa mabao mengi tangu siku ile. Katika miaka ya 1970, nchi ilipoitwa Zaïre na majina ya kigeni yalipoondolewa, Englebert likatoka, likaja Mazembe. Lakini zile herufi mbili, T.P., zimebaki.

Wazee hupenda kusimulia miaka minne, 1967 hadi 1970, timu ilipofika kila mwaka kwenye mchezo wa mwisho wa Kombe la Mabingwa wa Afrika. Watakutajia Kazadi, mlinda lango. Watakutajia Kalala, aliyefunga bao lililoipa Kongo Kombe la Mataifa ya Afrika huko Addis Ababa mwaka wa 1968. Mwaka wa 1967 walicheza na Asante Kotoko ya Ghana. Michezo miwili ikaisha sare, na Kotoko haikufika kwenye mchezo wa tatu, basi kombe likawa la Lubumbashi. Mwaka wa 1968 wakalitwaa tena mbele ya Étoile Filante ya Lomé. Mwaka wa 1969 wakashindwa na Ismaily ya Misri. Na mwaka wa 1970 ni nani aliyerudi kuwanyang'anya? Asante Kotoko ile ile! Mwanafunzi anayetaka kujua maana ya kupanda na kushuka asome miaka hiyo minne.

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Baada ya 1968, kombe hilo lilirudi Lubumbashi lini? Mwaka wa 2009. Hesabuni, ninyi wanafunzi: ni miaka 41. Katikati walipata Kombe la Washindi la mwaka wa 1980, basi. Mtoto aliyezaliwa wakati wa kombe la 1968 alikuwa baba wa watoto wakubwa lilipokuja tena. Katika miaka hiyo watu wa Katanga waliona mengi. Mwaka wa 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mishahara ya Gécamines ikachelewa miezi na miezi, nyumba nyingi zikala mara moja kwa siku. Lakini siku ya mchezo wale wale waliokosa mshahara walikwenda uwanjani kwa miguu. Walifuata nini? Kombe halikuwapo. Walifuata kitu chao.

Uaminifu wa namna hii hatuwezi kuudharau. Ulimwengu wa leo humfundisha mtu kupenda kinachoshinda na kutupa kinachoshindwa. Kijana aliyeona baba yake akivumilia miaka ishirini ya kushindwa bila kubadili rangi amejifunza neno ambalo litamfaa siku atakapokuwa na mke mgonjwa, au mtoto mzito wa kujifunza, au rafiki aliyeanguka. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mume wa mama yetu anayo sifa hiyo, na mama amshukuru Mungu kwa ajili yake. Mtu asiyechoka na timu yake yaelekea hatachoka na nyumba yake, ikiwa atakubali kufundishwa tofauti kati ya hizo mbili.

Lakini mapenzi yasiyo na lijamu ni kama farasi asiye na lijamu: hayajui yanakokwenda. Tutoe mfano ambao wenyeji wa Lubumbashi hawaupendi. Mwezi wa Desemba 2010 Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kucheza Kombe la Dunia la klabu. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekwenda huko huko na kushindwa michezo yote miwili. Safari hii iliishinda Pachuca ya Meksiko bao 1 kwa 0, ikaishinda Internacional ya Brazili mabao 2 kwa 0. Ikawa timu ya kwanza nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika mchezo wa mwisho wa mashindano hayo. Furaha ilikuwa kubwa! Mlinda lango Kidiaba alikaa chini na kurukaruka kwa matako yake mbele ya ulimwengu wote, na watoto wa mitaa yetu wakamwiga hata mama zao wakachoka kushona suruali.

Tarehe 18 Desemba wakacheza na Inter ya Milano, wakafungwa mabao 3 kwa 0. Kufungwa hakukuwa aibu. Aibu ilikuja jioni, hapa mjini. Watu wenye hasira walisema kwamba mwamuzi ameonea timu yetu, na kwa kuwa walimdhani Mchina, wakavamia maduka ya Wachina mjini Lubumbashi. Mwamuzi alikuwa Mjapani. Na hata angekuwa Mchina, yule mwenye duka la sufuria na mablanketi angehusikaje na filimbi iliyopigwa Abu Dhabi? Tena bao moja kati ya yale matatu lilifungwa na Eto'o, mwana wa Kameruni, Mwafrika kama sisi. Hivyo ndivyo hasira ifanyavyo: hupofusha kwanza, kisha hutafuta mtu wa karibu wa kumpiga. Asubuhi ile ile watu hao hao walikuwa wakiimba.

Na Kinshasa, tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël, V.Club ilikuwa ikicheza na Mazembe, nayo Mazembe ilikuwa ikiongoza. Fujo ikatokea, mabomu ya machozi yakapigwa, watu wakakanyagana. Wapatao 15 walikufa. Walitoka nyumbani kwenda kutazama mpira, hawakurudi kula chakula cha jioni. Hakuna kombe linaloweza kulipa roho moja ya hizo.

Kwa hiyo twasema: aliye upande wa pili si adui. Tazameni Lupopo. Jina lake kamili ni Saint-Éloi Lupopo. Mtakatifu Eloi ni msimamizi wa wafua vyuma, na timu hiyo ni ya wafanya kazi wa reli. Nayo pia ilizaliwa mwaka wa 1939, katika mji huu huu. Ni kama ndugu wawili waliozaliwa mwaka mmoja na kupewa majina ya watakatifu, wakalelewa katika ua mmoja. Leo wajukuu wao hawataki kusalimiana siku ya mchezo. Tunajua ukoo ambamo mashauri ya ndoa yalikaribia kuvunjika kwa sababu baba wa bwana arusi ni Lupopo na baba wa bibi arusi ni Mazembe. Mabibi wawili wenye busara ndio waliookoa jambo. Waliwauliza waume zao: mtoto atakayezaliwa atabatizwa kanisani au uwanjani?

Tukumbuke pia kwamba mpinzani wa leo aweza kuwa mwana wako kesho. Mwaka wa 2011 Mazembe ilicheza na Simba ya Dar es Salaam. Ilishinda uwanjani, lakini baadaye ikaondolewa katika mashindano ya Afrika kwa sababu ilimchezesha mchezaji ambaye sheria haikumruhusu. Washabiki walilia, lakini sheria ikiwa sheria, humbana hata bingwa. Na katika Simba ile mlikuwamo kijana aliyeitwa Mbwana Samatta. Mwaka ule ule alihamia Lubumbashi. Alisema Kiswahili cha pwani, tofauti na chetu, nasi tulimpenda. Mwaka wa 2015 alikuwa katika timu iliyotwaa tena Kombe la Mabingwa. Kama tungekuwa tumemchukia moyoni siku ile ya kwanza, tungempigia makofi kwa mikono ipi?

Basi, kwa mume wa mama aliyetuuliza, na kwa kina baba wote walio kama yeye, twatoa mashauri machache.

Usione haya kuhuzunika. Lakini huzuni ya mpira ina mpaka, nao mpaka huo ni mlango wa nyumba yako. Ukitoka uwanjani umeshindwa, pitia kwanza kwa jirani yako wa Lupopo, umsalimu, acha akucheke kidogo. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Ukiisha kuchekwa, utaingia kwako umepoa. Mke wako hakukosa penalti. Mtoto wako hakuruhusu bao.

Tiketi ya uwanjani inunuliwe baada ya karo ya shule na unga, isinunuliwe kabla yake. Na kuhusu desturi hii iliyoenea ya kuweka fedha juu ya matokeo ya michezo, twasema wazi: jihadharini. Anayeweka fedha juu ya timu amekwisha kuacha kuipenda. Apenda fedha, na timu ni njia tu. Tumeona wanafunzi waliorudishwa nyumbani kwa kukosa karo, na karo hiyo ilikwisha kuliwa na karatasi moja ya kubahatisha.

Dominika ni ya Mungu kwanza. Mchezo ni alasiri, Misa ni asubuhi. Hakuna ugomvi kati yao ila kwa mvivu. Wala usimsumbue Mungu akufungie mabao. Katika benchi la nyuma yuko mtu wa Lupopo anayeomba neno hilo hilo, na wote wawili ni watoto Wake. Omba wachezaji wasivunjike miguu, na watu warudi salama.

Mwisho, wape watoto wako timu yako kama urithi mwema, wavulana na wasichana pia. Mwaka wa 2024 timu ya wanawake ya Mazembe ilitwaa kombe la mabingwa wa Afrika huko Moroko. Binti zetu sasa wana mambo yao ya kusimulia. Jioni timu ikishindwa, badala ya kunyamaza, baba awaite watoto, awasimulie habari za Kazadi na Kalala, za miaka 41 ya kungoja, na za vijana wa shule waliochezea jina la Mtakatifu Georges. Mama alete chakula. Habari hiyo ni ndefu, na chakula kitakwisha kabla yake.